Ndimu Irudi Kwenye Samaki

Nenda duka lolote la vifaa vya ujenzi, iwe Kariakoo au Mombasa, useme sakafu yako ya marumaru imefubaa. Muuzaji hatauliza ni jiwe la aina gani wala linaoshwa kwa sabuni ipi. Atainama, atoe chupa ya asidi. "Hii ndiyo kiboko yake," atasema, tena kwa nia njema. Rudi nyumbani umweleze shangazi, naye atakucheka kwa kupoteza pesa ilhali ndimu zimejaa jikoni: kata, sugua, nyunyiza siki, uone maajabu. Mmoja anatetea dawa za dukani, mwingine anatetea vitu vya asili, na mtu anaweza kudhani wanabishana. Hawabishani hata kidogo. Wote wawili wanaamini kwamba jiwe lililofubaa ni chafu, na kwamba kwa kuwa jiwe ni gumu, uchafu wake hautoki ila kwa kitu kikali.

Imani hiyo imeharibu sakafu nyingi kuliko matope ya masika. Marumaru iliyofubaa aghalabu imeshaoshwa kupita kiasi. Inachokosa ni uso wake laini, na kilichoula uso huo ni dawa ile ile anayouziwa mwenye nyumba aitibie.

Nieleweke vizuri nazungumzia nini. Nazungumzia mawe ya kuchimbwa, yaani marumaru na graniti, pamoja na terazo, ambayo ingawa humwagwa na fundi imejaa vipande vya marumaru vilivyoshikwa na sementi. Vigae vya kuchomwa kiwandani, ambavyo Tanzania navyo huitwa marumaru, havimo katika ugomvi huu. Vigae hivyo vina utando wa kioo juu yake na dawa ya choo haiwezi kuvifanya kitu cha maana. Na hapo ndipo kosa lilipozaliwa: mtu aliona asidi iking'arisha kigae cha bafuni, akaibeba hadi sebuleni.

Marumaru ni mawe ya chokaa yaliyopikwa upya ndani ya ardhi kwa joto na mgandamizo. Kilichomo ni kalsiamu kaboneti, kile kile kilichomo katika ganda la yai, kombe za pwani na matumbawe. Mtu wa Unguja au Lamu hahitaji mhadhara mrefu juu ya hili. Nyumba za Mji Mkongwe zimesimama kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, na chokaa yenyewe ilipatikana kwa kuchoma matumbawe hayo hayo. Ndugu wa damu wa marumaru tunaishi ndani yake.

Asidi ikigusa kalsiamu kaboneti, matokeo hayategemei bahati. Hutoka hewa ya kaboni dayoksaidi, na kinachobaki ni maji yenye chumvi ya kalsiamu. Lile povu dogo ambalo fundi hukuonyesha kwa fahari akisema "unaona uchafu unavyotoka?" ni jiwe lenyewe likigeuka hewa na maji. Uchafu nao unaondoka, sikatai. Unaondoka kwa sababu kile ulichokuwa umekikalia kimeondoka. Kwa siku moja au mbili sakafu huonekana mpya, hasa ikiwa bado na unyevu. Ikikauka sawasawa inabaki na rangi ya majivu, imejaa vijishimo visivyoonekana kwa macho, na vijishimo hivyo vinashika vumbi kuliko zamani. Mwenye nyumba anaona imechafuka tena mapema, anarudi dukani. Biashara hiyo haina hasara kwa muuzaji.

Watetezi wa ndimu watasema asidi ya dukani kweli ni kali, lakini ndimu ni tunda, tunakula. Tunakula, ndiyo. Maji ya ndimu yana pH inayokaribia 2, na siki ya mezani, ambayo asidi asetiki yake ni kama asilimia 5, iko kati ya 2 na 3. Maji safi ni 7, na kila namba moja ya kushuka ni ukali mara 10 zaidi. Piga hesabu: ndimu inayazidi maji kwa ukali mara 100,000 hivi. Tumbo lako limeumbwa kustahimili hivyo, kaunta yako haikuumbwa hivyo. Asidi ya sitriki iliyotoka mtini na ile iliyotoka kiwandani ni kitu kimoja, zinakula jiwe kwa namna moja.

Anayetaka ushahidi asiende maabara, aende jikoni. Chagua kaunta ya marumaru iliyopikiwa miezi michache. Zima taa mchana, inama mpaka jicho lilingane na uso wa kaunta, kisha tazama kuelekea dirishani. Alama ambazo ukisimama huzioni zitajitokeza zote. Kuna duara kamili pale ilipokaa glasi ya juisi ya ukwaju. Kuna vidoa vidogo vidogo, mfano wa matone ya maji yaliyogoma kukauka, pale ndimu ilipokamuliwa juu ya kachumbari. Kuna mistari pale nyanya zilipokatwa bila kibao. Pitisha kitambaa chenye sabuni, hazitoki. Pitisha ukucha taratibu kutoka nje ya duara kuingia ndani, utasikia uso umebadilika kutoka utelezi kuwa ukwaru kidogo. Hakuna uchafu wowote hapo wa kutoa. Ni sehemu ya jiwe iliyoliwa.

Sasa tazama anachofanya mwenye kaunta. Anaambiwa ndimu hutoa alama. Anakata ndimu, anaanza kusugua duara, na kweli duara linapotea, kwa sababu sasa kaunta nzima imekuwa duara. Anapiga picha, anawatumia wenzake, na somo linasambaa.

Nusu ya kundi hili hupendelea siki iliyochanganywa na bekingi soda, kisa inatoa povu la kutosha na povu linaonekana kama kazi. Siki ni asidi, bekingi soda ni kinyume chake. Ukivichanganya vinamalizana, povu linapaa, na bakulini yanabaki maji yenye chumvi kidogo. Umechukua vitu viwili vyenye nguvu ukatengeneza kimoja kisicho nayo. Heri hivyo kwa marumaru, maana ukizidisha siki hasara inarudi pale pale.

Hoja ngumu zaidi ni ya maji ya kisima. Anayeishi Dodoma, au mtaa wa Dar es Salaam unaotegemea visima, ataniambia: utando mweupe unaobaki kwenye jiwe hautoki kwa sabuni, unatoka kwa asidi tu. Asidi huutoa kweli, na ndiyo maana dawa za kutoa magamba kwenye birika zina asidi. Lakini utando huo mweupe, kwa sehemu kubwa, nao ni kalsiamu kaboneti. Asidi haina macho ya kutofautisha utando na marumaru iliyo chini yake, kwa sababu kwake vyote viwili ni chakula kimoja. Ukiumaliza utando, umeshaanza jiwe. Njia iliyobaki haina mvuto wa kusimulia: kausha. Kila baada ya kuosha pitisha kitambaa kikavu, kwa maana chumvi hubaki pale tu maji yanapoachwa yakauke yenyewe. Utando wa zamani uliokwisha kuganda unakwanguliwa polepole na fundi anayejua, au unaachwa.

Graniti naiweka kando kidogo kwa sababu haki yake ni tofauti. Graniti halisi imeundwa kwa kwatzi na feldspa, madini ambayo ndimu haiyawezi. Shangazi akiisugua kwa siki haitafubaa siku hiyo. Tatizo ni kwamba sokoni kila jiwe lenye madoadoa na mng'ao huuzwa kwa jina la graniti, na baadhi yana chokaa ndani. Kama ulibakishiwa kipande wakati wa kukata, dondoshea ndimu kwenye kipande hicho, subiri dakika chache, futa, utazame kwenye mwanga. Kikiwa na alama umepata jibu lako. Hiyo ndiyo kazi pekee halali ya ndimu katika habari za mawe. Adui wa graniti ni mafuta, ambayo hupenya katika vinyweleo na kuacha doa jeusi karibu na jiko. Hapo kusugua hakusaidii hata kwa waya wa sufuria. Doa liko ndani, wewe unasugua nje.

Doa la ndani hutolewa kwa kunyonywa. Chukua bekingi soda, ikoroge na maji iwe rojo zito, paka juu ya doa, funika kwa nailoni, acha usiku kucha au zaidi, kisha funua ikauke ndipo uiondoe. Inapokauka huvuta mafuta kwenda juu. Huenda ukarudia. Anayedhani huu ni ushamba wa jikoni akumbuke Taj Mahal kule Agra, ambako marumaru nyeupe ilianza kuwa ya njano kwa moshi na vumbi. Tangu mwaka 1994 idara ya mambo ya kale ya India imekuwa ikipaka udongo maalumu wa mfinyanzi juu ya kuta, ukikauka unaondolewa pamoja na uchafu uliounyonya, kisha ukuta unasuuzwa kwa maji safi yasiyo na chumvi. Udongo na maji, kwenye jengo linalotembelewa na dunia nzima. Wangetaka asidi wasingekosa pesa ya kuinunua.

Kinyume chake kilitokea London, na kisa hicho kilipaswa kubandikwa kwenye kila duka la vifaa. Mwaka 1937 na 1938, Jumba la Makumbusho la Uingereza lilikuwa likiandaa ukumbi mpya kwa ajili ya sanamu za marumaru zilizochukuliwa kutoka hekalu la Parthenon, Athens. Mfadhili wa ukumbi, Lord Duveen, mfanyabiashara tajiri wa sanaa, alizitaka ziwe nyeupe. Hazikuwa nyeupe. Marumaru ya huko ina chembe za chuma, na kwa miaka zaidi ya 2,000 uso wake ulikuwa umepata rangi ya asali. Wafanyakazi wakaukwangua uso huo kwa zana za shaba na kuusugua kwa kaborundamu, kitu kigumu cha kusagia. Septemba 1938 mkurugenzi akagundua, kazi ikasimamishwa, na sehemu ya alama za patasi za wachongaji wa kale ilikuwa imekwenda pamoja na rangi. Mwaka 1999 jumba hilo bado lilikuwa linaitisha mkutano wa wataalamu kujadili usafi huo. Hawakuwa wajinga wale. Walikuwa na imani ile ile ya shangazi na muuzaji wangu: kwamba jiwe safi ni jeupe, na kwamba nguvu ndiyo inayolifikisha huko.

Imani hii ina chanzo, na sidhani ni ujinga tu. Wengi tumekulia kwenye sakafu za sementi zilizopakwa polishi nyekundu, zikasuguliwa kwa brashi na tambara hadi mtoto anateleza. Pale mng'ao ulitoka kwenye kopo kweli. Sementi yenyewe haina mng'ao, nta ndiyo iliyong'aa. Tukajifunza kwamba mng'ao ni kitu cha kupaka, na kwamba asiye nao hajapaka vya kutosha au hajasugua vya kutosha. Tulipohamia kwenye nyumba za terazo na marumaru tulihama na fikra hiyo.

Kwenye marumaru mng'ao haupakwi. Jiwe linang'aa kwa kuwa uso wake umesawazishwa mpaka mwanga unarudi kwa pamoja badala ya kutawanyika. Fundi huanza kwa pedi ya almasi ya namba ya chini, tuseme 50 au 100, akatoa mikwaruzo mikubwa na kuacha midogo. Anafuata 200, kisha 400, 800, 1500, hadi 3000, kila moja ikifuta mikwaruzo ya iliyotangulia, mpaka inayobaki ni midogo kiasi kwamba jicho haliioni. Akiruka namba moja kwa haraka ya kumaliza kazi, mistari ya namba ya nyuma itabaki chini ya mng'ao na utaiona kila jua linapoingia. Sakafu iliyoliwa na asidi hurudishwa kwa njia hii tu, na kila mara unene kidogo wa jiwe unakwenda. Nta ukiipaka juu yake inaficha kwa muda, kisha inanasa mchanga, inageuka njano, na kupaka tena juu ya njano kunazidisha unjano. Kadhalika dawa za kuziba vinyweleo: zinasaidia mafuta na chai visipenye, lakini hazizuii asidi kula uso wa marumaru. Anayekuuzia kwa ahadi kwamba ukishapaka unaweza kukamulia ndimu juu yake anakudanganya.

Najua fundi mzoefu atanikatiza hapa. Atasema: mbona sisi kwenye hatua ya mwisho ya terazo na marumaru tunatumia unga wa asidi ya oksaliki, na jiwe linang'aa? Ni hoja nzuri, na ndiyo pekee ya upande ule inayostahili jibu la heshima. Asidi ya oksaliki ikikutana na kalsiamu huunda kalsiamu oksaleti, ambayo karibu haiyeyuki majini. Badala ya kuondoka na maji ya deki, inabaki juu ya jiwe, na pedi inapozunguka kwa kasi inailaza iwe laini. Kiasi ni kidogo, muda ni mfupi, mashine ndiyo inayofanya kazi, na jiwe lilishasawazishwa kabla. Hiyo ni kazi ya mtu mwenye mashine na glavu mwisho wa hatua saba. Haina uhusiano na dumu la asidi ya haidrokloriki linalomwagwa sebuleni na kusambazwa kwa ufagio. Na fundi huyo huyo naye nina neno naye: asikate wala kusaga graniti kavu. Vumbi la kwatzi likiingia mapafuni halitoki, na ugonjwa wake hauna tiba. Australia ilipiga marufuku mawe ya kutengenezwa kiwandani, yenye kwatzi nyingi kuliko graniti, kuanzia Julai 1, 2024, kwa sababu ya mapafu ya wakataji. Maji yatiririke muda wote na barakoa iwe usoni.

Ukiondoa asidi, ndimu na nta, watu huuliza kwa mshangao: kumbe tutumie nini? Maji ya uvuguvugu, matone machache ya sabuni laini isiyo na asidi wala klorini, kitambaa laini, kisha kitambaa kikavu. Basi. Najua jibu hilo haliridhishi, kwa sababu halitoi povu la kutisha wala harufu ya kukohoza. Na kabla ya hayo, fagia. Adui mkubwa wa sakafu ya marumaru anaingia kwa miguu: mchanga. Katika kipimo cha ugumu cha Mohs, kinachoanzia 1 hadi 10, marumaru iko 3 na chembe ya mchanga wa kwatzi iko 7. Anayepiga deki bila kufagia anazungusha msasa chumba kizima, hata kama maji yake ni ya zamzam. Zulia la kufutia miguu mlangoni linalinda mng'ao kuliko chupa yoyote iliyowahi kuuzwa, na hakuna anayelitangaza redioni.

Nimeacha mwisho jambo linaloniudhi kuliko yote. Sakafu ikifubaa, anayelaumiwa ni dada wa kazi. Hasugui vizuri, ni mvivu, wa nyumba ya jirani anang'arisha. Anaongezewa asidi, anapewa waya wa kusugulia sufuria, anapiga magoti. Mikono inachubuka, anakohoa. Siku moja anaona asidi haitoshi, anaongeza dawa ya madoa ya nguo, hii tunayoiita jiki hata ikiwa ya chapa nyingine, na hakuna aliyemwambia kwamba viwili hivyo vikikutana hutoa gesi ya klorini, ambayo katika bafu lisilo na dirisha wazi inaweza kumuua. Yote hayo kwa ajili ya sakafu inayozidi kufubaa kadiri anavyotii. Akisugua kidogo analaumiwa, akisugua sana jiwe linaharibika na analaumiwa. Mwenye nyumba, aliyenunua dawa bila kusoma maandishi nyuma ya chupa, ndiye anayepaswa kusimama mbele ya kesi hii.

Kwa hiyo leo fungua kabati la chini ya sinki, utoe chupa moja moja na kusoma. Yoyote inayotaja asidi, iwe ya haidrokloriki, fosforiki, sitriki au asetiki, ipeleke chooni ikae huko, mbali na jiki. Kisha mwite dada, mwambie mbele ya familia kwamba sakafu haikufubaa kwa uvivu wake.